Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Sarufi ya Msingi ya Kiingereza kwa Wanaojifunza Kigoma

Maswali haya yanarudiwa kila mara na watu wa Kigoma wanaojifunza Kiingereza: wanafunzi wa kidato cha kwanza waliozoea kufundishwa kwa Kiswahili na sasa wanakuta vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza, wafanyabiashara wa mwalo wa Kibirizi, waongoza wageni wanaovuka kwenda Gombe, na watu wazima wanaoomba kazi katika mashirika yaliyoko Kasulu na Kibondo. Majibu yote yanaegemea jambo moja. Mzungumzaji wa Kiswahili tayari ana sarufi kamili kichwani, na makosa yake mengi ya Kiingereza hayatokani na uvivu bali na kufuata sarufi hiyo kwa uaminifu. Kiswahili hubeba habari nyingi ndani ya kitenzi kimoja. Kiingereza huzitoa nje na kuzipa maneno yake. Kazi ya mwanafunzi ni kujua kila habari imehamia wapi.

## Sentensi na mpangilio wake

1. Nianze na maneno au sarufi?

Anza na sentensi fupi zilizokamilika, kwa kuwa ndani yake maneno na sarufi huja pamoja. Aliyekariri kwamba samaki ni *fish* na kununua ni *buy* bado hawezi kusema lolote. Aliyekariri *I buy fish every morning* ameshapata maneno, mpangilio na njeo, yaani wakati wa tendo, kwa pamoja, na anaweza kubadilisha kipande kimoja kimoja: *I buy salt every morning*, kisha *We buy salt every Friday*.

2. Kwa nini mwalimu anakataa "Is raining" na "Have arrived"?

Kwa sababu sentensi hizo hazina kiima, yaani anayetenda au kinachozungumziwa. Katika "nimefika", kiima kimo ndani ya kitenzi kama kiambishi *ni-*, na hakuna haja ya kutaja "mimi". Kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi hicho, kwa hiyo kiima lazima kisimame chenyewe mbele: *I have arrived*. Hata pale ambapo hakuna mtenda anayeonekana, nafasi hiyo haiachwi wazi, bali hujazwa na *it* au *there*: *It is raining*, *It is hot today*, *There are many boats on the lake*. Kiima huachwa katika amri tu, kama *Come here*.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kutaja kiima mara mbili: *My father he works at the port*. Msemaji amefuata "Baba yangu anafanya kazi bandarini", ambapo *a-* inamrejelea baba kwa mara ya pili. Katika Kiingereza, *My father works at the port* inatosha.

3. Je, "am" ndiyo "ni-" au "-na-"?

Si mojawapo, na kudhani hivyo ndiko kunakozaa *I am agree* na *I am come from Uvinza*. Maneno *am*, *is* na *are* yana kazi mbili. Kwanza husimama mahali pa "ni" na "-ko": *I am a fisherman*, *The boat is at Kibirizi*. Pili humsaidia mwenzake mwenye *-ing*, jambo lililoelezwa katika swali la 10. Nje ya kazi hizo, na ya kauli ya kutendwa iliyoelezwa katika swali la 13, hayahitajiki: *I agree*, *I come from Uvinza*.

4. Kivumishi kinakaa wapi?

Mbele ya nomino, na idadi mbele ya kivumishi: *two big boats*. Habari njema ni kwamba kivumishi cha Kiingereza hakifuati ngeli wala umoja na wingi. Mashua kubwa, mitumbwi mikubwa na vikapu vikubwa vyote ni *big*, *bigs* halipo.

## Nomino na viwakilishi

5. Nitumie lini "a", "an" na "the"?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika ukurasa huu, kwa kuwa Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo, na mwanafunzi asikate tamaa akikosea kwa muda mrefu. Swali la kujiuliza si kuhusu kitu chenyewe, bali kuhusu anayesikiliza: je, anajua ninasema kipi?

Kama hajui, na kitu ni kimoja chenye kuhesabika, tumia *a*. Kama anajua, tumia *the*. Mama anayesimulia habari ya sokoni atasema *I bought a basket and a knife. The basket is strong, but the knife is not sharp.* Mara ya kwanza msikilizaji hakujua ni kikapu kipi. Mara ya pili anajua, kwani kimeshatajwa. Anaweza pia kujua bila kuambiwa: *Close the door* husemwa chumbani kwa sababu mlango unaonekana, na *the sun* kwa sababu jua ni moja.

Ukisema juu ya vitu kwa ujumla wake, wingi hukaa bila neno lolote: *Mangoes are cheap in December* ni maembe yote, *The mangoes are cheap* ni maembe haya tuliyosimama mbele yake. Vivyo hivyo kwa visivyohesabika: *Salt is important*.

*An* hutumika mbele ya sauti ya irabu, si mbele ya herufi ya irabu. Tunasema *an hour* kwa sababu *h* haitamkwi, na *a university* kwa sababu neno hilo huanza kwa sauti ya "yu". Usisahau kazi za watu: "Yeye ni mwalimu" ni *She is a teacher*, kamwe si *She is teacher*.

6. Mbona tunasema "Lake Tanganyika" lakini "the Malagarasi"?

Hapa mazoea ya lugha yametawala kuliko mantiki, na ni bora kuyakariri kwa mifano ya nyumbani. Maziwa, miji, nchi nyingi na mlima mmoja mmoja havichukui *the*: *Lake Tanganyika*, *Kigoma*, *Burundi*, *Mount Kilimanjaro*. Mito, bahari, safu za milima na meli huchukua: *the Malagarasi*, *the Indian Ocean*, *the Mahale Mountains*, *the Liemba*. Nchi ambayo jina lake lina neno la kawaida kama jamhuri au ufalme nayo huchukua: *the United Kingdom*, *the Democratic Republic of the Congo*.

7. Wingi ni kuongeza "s" tu?

Mara nyingi ndiyo: *boat, boats*. Maneno yanayoishia kwa sauti kama *s*, *sh* au *ch* huongeza *-es*, kama *boxes* na *watches*. Yanayoishia kwa konsonanti na *y* hugeuka kuwa *-ies*, kama *baby, babies*. Machache yana wingi wake wa kale: *men, women, children, feet, teeth*. Neno *fish*, kama samaki wetu, kwa kawaida halibadiliki.

Ugumu halisi uko kwingine. Kiswahili huhesabu maji, mafuta, maziwa na mawese kama wingi. Tunasema "maji yamechemka". Kiingereza huona maji kuwa kitu kimoja kisichohesabika: *The water is hot*, si *The waters are hot*. Kwa upande mwingine suruali, mkasi na miwani ambavyo sisi tunaweza kuvitaja kimoja, kwa Kiingereza ni wingi daima: *These trousers are new*, *Where are the scissors?* Na yapo maneno ambayo watu wetu huyapa *s* kila siku ilhali hayaichukui: *information, advice, furniture, luggage, equipment*. Ukitaka kuyahesabu, tanguliza *a piece of*: *two pieces of advice*. *News* ina *s* lakini ni umoja: *The news is good*.

8. Nawezaje kuacha kuchanganya "he" na "she"?

Kiswahili hakitofautishi jinsia katika "yeye" wala katika *a-* ya kitenzi, kwa hiyo hata mtu aliyesoma sana huteleza akisema haraka. Dawa ni mazoezi ya sauti: chukua mtu mmoja unayemfahamu, tuseme shangazi yako, usimulie siku yake nzima kwa sauti ukitumia *she* na *her* peke yake, kesho fanya hivyo kwa mjomba.

Katika umilikaji, angalia mwenye kitu, si kitu. "-ake" hufuata ngeli ya kinachomilikiwa, lakini *his* na *her* hufuata mmiliki: mume wa Asha ni *her husband*, na mke wa Juma ni *his wife*.

*It* ni ya vitu na, kwa kawaida, ya wanyama, ingawa mnyama anayejulikana kwa jina huitwa *he* au *she*. Waongoza wageni wa Gombe wanalijua hili vizuri. Jane Goodall, aliyefika huko mwaka 1960 na kuwapa sokwe majina kama Flo na David Greybeard, alisimulia kwamba makala yake ya awali ya kisayansi ilirudishwa kwake *he* na *she* zikiwa zimegeuzwa *it*, na *who* ikiwa imegeuzwa *which*. Akayarudisha maneno yake. Mwongozaji anayesema *She is carrying her baby* juu ya sokwe jike hajakosea.

## Vitenzi

9. Ile "s" ya "she sells" inatoka wapi, na mbona inapotea katika swali?

Ni kiambishi cha nafsi ya tatu umoja kilichobaki katika wakati wa sasa: *I sell, you sell, they sell*, lakini *she sells*. Katika ukanushi na swali, kitenzi kisaidizi *do* huingia na kuibeba *s* hiyo, naye akawa *does*. Kitenzi kikuu hurudi katika umbo lake tupu: *She does not sell dagaa. Does she sell dagaa?* Hali ni hiyo hiyo kwa wakati uliopita: *did* imeshabeba wakati, kwa hiyo *I did not go*, kamwe si *I did not went*. Alama huwekwa mara moja tu, na hubebwa na msaidizi.

10. "Ninauza dagaa" ni "I sell" au "I am selling"?

Inaweza kuwa yoyote, na lazima uchague. Kama ndiyo kazi yako ya kila siku, *I sell dagaa*. Kama mteja amekupigia simu na wewe uko kwenye meza ukipima, *I am selling dagaa now*. Vitenzi vya kujua, kutaka, kupenda na kuamini havipendi *-ing*: "najua" ni *I know*, wala si *I am knowing*.

11. "-me-" ni "have" daima?

Hapana, na swali hili linastahili kusomwa polepole, kwani hapa ndipo wanafunzi wazuri wanapopoteza alama.

Kiambishi *-me-* kina kazi mbili ambazo Kiingereza kimezigawa. Kazi ya kwanza ni tendo lililokamilika ambalo matokeo yake yapo sasa: "Treni imefika", *The train has arrived*. Kazi ya pili ni hali aliyomo mtu baada ya tendo: amelala, amekaa, amesimama, amevaa kitenge, nimechoka, nimeshiba. Katika kazi hii ya pili Kiingereza hutumia *am, is, are*: *He is asleep*, *She is sitting*, *She is wearing a kitenge*, *I am tired*, *I am full*. Ukimwambia daktari *The child has slept* ukimaanisha kwamba amelala sasa hivi, ataelewa kuwa mtoto alishapata usingizi wake na huenda ameamka.

*-li-* kwa kawaida ni wakati uliopita wa kawaida: *The train arrived at noon*. Sisi katika mazungumzo husema "nimemwona jana" bila tatizo, lakini *have* ya Kiingereza haikai pamoja na wakati uliokwisha. *Yesterday*, *last week*, *two days ago* na *in 2019* vyote vinadai *I saw him*.

*-mesha-* huwa *already*, na *haja-* huwa *not yet*: *The train has already left*, *The train has not arrived yet*. Mwisho, "Ninaishi Ujiji kwa miaka kumi sasa" ina *-na-* kwetu, lakini kwao ni *I have lived in Ujiji for ten years*. *For* hutaja urefu wa muda. *Since* hutaja ulipoanzia: *since 2015*.

12. Vitenzi visivyofuata kanuni vinakaririwaje?

Kwa makundi ya sauti, na kwa sauti, si kwa orodha ya alfabeti. *Sing, sang, sung* huenda na *drink, drank, drunk* na *begin, began, begun*. *Bring, brought* huenda na *buy, bought*, na karibu yao *teach, taught* na *catch, caught*. *Cut, put, hit* havibadiliki kabisa. Kwa vile vinavyofuata kanuni, *-ed* hutamkwa kama silabi kamili baada ya *t* au *d* peke yake: *wanted* ina silabi mbili, lakini *asked* na *called* zina moja moja.

13. Kauli ya kutendwa inaundwaje?

Sisi huingiza *-w-* ndani ya kitenzi. Kiingereza huweka *be* katika njeo inayotakiwa, kisha umbo la tatu la kitenzi, kama *sung* na *drunk* katika swali la 12. Historia ya MV Liemba inatoa mfano mzuri, kwani meli hiyo imetendwa mengi: *The ship was built in Germany in 1913. It was brought to Kigoma in pieces. It was sunk in 1916 and was raised in 1924.* Yaani ilijengwa, ililetwa vipande vipande, ilizamishwa, iliibuliwa. "Na" ya mtenda huwa *by*: *It was sunk by the Germans*, kwani Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui. Angalia pia tofauti ya "ilizama", *it sank*, na "ilizamishwa", *it was sunk*. Kiswahili kinakusaidia kuiona.

## Maneno madogo yenye kazi kubwa

14. "In", "on" na "at" zinatofautianaje, nasi tuna "-ni" na "kwenye" tu?

*In* ni ndani ya eneo au chombo: *in Kigoma, in the basket*. *On* ni juu ya uso wa kitu: *on the table*. *At* ni mahali panapotazamwa kama kituo: *at the station, at the market*. Katika nyakati, *in* huenda na mwezi na mwaka, *on* na siku, *at* na saa: *in March, in 1914, on Monday, at eight o'clock*.

Kuhusu saa, hesabu ya Kiingereza hutofautiana na yetu kwa saa sita. Saa mbili asubuhi ni *eight o'clock in the morning*, na saa tisa alasiri ni *three o'clock in the afternoon*. Anayempangia mgeni muda wa boti aandike kwa hesabu ya Kiingereza na kuirudia kwa mdomo. Mtu akitafsiri "saa mbili" kuwa *two o'clock*, boti itakuwa imeondoka zamani.

15. Kwa nini "Explain me" ni kosa?

Kwa sababu "nielezee" ina *-e-* ya kauli ya kutendea, inayobeba maana ya "kwa" ndani ya kitenzi. Kiingereza huitoa nje: *Explain to me*, *Cook for me*, *Run to the shop*. Kinyume chake, vitenzi vingine ambavyo sisi huvipa kihusishi, yaani neno kama "na" au "kuhusu", havikihitaji kwao: *discuss the price*, si *discuss about the price*, *She married a teacher*, si *married with*. Na *listen* lazima iwe na *to*: *listen to the radio*.

16. Kosa liko wapi katika "The boat which I bought it"?

"Mashua niliyoinunua" ina *-yo-* na pia *-i-*, na vyote ni sahihi kwetu. Katika Kiingereza *which* imeshachukua nafasi ya mashua, kwa hiyo *it* huondolewa: *The boat which I bought*. Kwa watu tumia *who*: *the woman who sells mangoes*.

## Maswali ya pembeni

17. Nimesoma Bujumbura au Kongo, nami najua Kifaransa. Kitanisaidia?

Kitakusaidia sana katika msamiati, na utakuwa umeshazoea wazo la *a* na *the*. Lakini jihadhari na mambo matatu. Kifaransa, kama Kiswahili, huweka vivumishi vingi baada ya nomino. Rudi kwenye swali la 4. Kifaransa husema *la vie est belle* kwa kibainishi *la*, mwenzake *the*, ilhali Kiingereza husema *Life is beautiful* bila hicho. Na umri: *j'ai vingt ans* na "nina miaka ishirini" vinafanana, vyote viwili vikikuvuta kusema *I have twenty years*, ambayo ni kosa. Sema *I am twenty years old*. Yapo pia maneno yanayodanganya kwa sura: *library* ni maktaba, si duka la vitabu, na *actually* ni "kwa kweli", si "kwa sasa".

18. Nifuate Kiingereza cha Uingereza au cha Marekani?

Shule zetu hufuata tahajia ya Uingereza: *colour, centre, travelled*. Ile ya Marekani, *color, center, traveled*, si kosa, ila usichanganye mbili katika barua moja.

19. Maneno ya Stanley pale Ujiji, "Dr Livingstone, I presume?", ni swali bila "do". Imekuwaje?

Kila mwanafunzi aliyewahi kutembelea jumba la makumbusho la Ujiji huuliza hili, na anastahili jibu. Maneno hayo, yanayonukuliwa kuwa ya Henry Morton Stanley alipokutana na David Livingstone mwaka 1871, kisarufi ni kauli na si swali: *You are Dr Livingstone, I presume*, ambapo mwanzo umeachwa kwa sababu unaeleweka. *I presume*, yaani "nadhani" au "nachukulia kuwa", imewekwa mwishoni ili kupunguza uhakika, kama tunavyosema "Wewe ndiye mwalimu, nadhani." Alama ya kuuliza inaonyesha kwamba msemaji anatazamia kuthibitishiwa. *Do* ingehitajika kama Stanley angeuliza iwapo yeye mwenyewe anadhani.

20. Nikiulizwa swali la ukanushi, nijibu "yes" au "no"?

Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unaweza kujibu "Ndiyo, sijala", ukikubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hakitazami maneno ya muulizaji, kinatazama ukweli wa tendo. Kama hujala, jibu ni *No, I haven't*, hata kama swali lilikuwa *Haven't you eaten?* Kama umekula, ni *Yes, I have*.

Kosa hili halionekani kwenye daftari, lakini huleta madhara kazini. Mwongozaji anaulizwa *Haven't the other guests arrived?* anajibu *Yes* akimaanisha hawajafika, na nahodha anang'oa nanga akidhani wote wamo. Usijibu kwa neno moja. Ongeza daima kipande cha kitenzi, *No, they haven't*, na ukiona bado unasitasita, acha *yes* na *no* kabisa, useme sentensi nzima: *They have not arrived yet.*